Shokapu za Land Cruiser iliyonyanyuliwa: usinunue "inchi 2", nunua urefu

Boksi likiandikwa "inchi 2", yaani ya gari lililonyanyuliwa inchi 2, wateja wengi hulipa na kuondoka. Maandishi hayo hayakwambii mambo mawili yanayoamua kila kitu: shokapu ina urefu gani ikifunga kabisa, na imetengenezwa kuzuia koili ya gari lenye uzito gani. Hapa tunapima shokapu sita kwa gari moja: Land Cruiser 78 na 79 za kuanzia 1999, zenye ekseli nzima na koili mbele, springi za mabamba nyuma. Ndizo zinazobeba watalii kutoka Arusha na wahudumu wa miradi kaskazini mwa Kenya. Tunachukulia zimenyanyuliwa kati ya 40 na 50 mm.

Kwanza hesabu, maana ndiyo inayovunja masikio ya shokapu, zile pete za kuifungia. Ukinyanyua gari, ekseli inakaa mbali zaidi na chesisi, lakini ikipanda hadi mwisho bado inakutana na mpira wa kugotea mahali palepale pa zamani. Kwa hiyo gari linahitaji shokapu inayovutika zaidi, ila inayofunga fupi kama ile ya kiwandani. Hapo ndipo shida ilipo. Chukua mfano wa shokapu ya mm 330 ikiwa imefunga na 530 ikivutwa: mwendo wake, yaani umbali shafti inaoingia na kutoka, ni 200. Unataka ivutike hadi 580. Shafti ikiongezwa urefu, mrija nao lazima uongezwe ili shafti ipate pa kuingia, kwa hiyo zile 50 zinagawana: 25 kwenye shafti, 25 kwenye mrija. Shokapu mpya itafunga kwa 355, si 330. Kama kwenye gari lako nafasi iliyobaki mpira ukibanwa ni 345, shokapu itagota mm 10 kabla ya mpira kumaliza kazi yake. Tani mbili na nusu zinatua juu ya shafti yenye unene wa kidole. Sikio linakatika, au kiti cha juu kinapasuka kwenye chesisi, na muuzaji analaumiwa kwa kuuza mali mbovu.

Dawa yake ni rahisi: shusha mpira wa kugotea kwa kipande cha chuma cha mm 25 hadi 40, kilichofungwa kwa bolti ndefu. Utapoteza mwendo kidogo wa juu, na shokapu itapona.

Kupima kunachukua asubuhi moja. Liweke gari mahali tambarare likiwa na mzigo wake wa kawaida, tangi limejaa, na upime kati ya sehemu mbili za kufungia shokapu. Huo ndio urefu wa kusimama. Kisha simamisha chesisi kwenye stendi imara, toa shokapu na koili, pandisha ekseli kwa jeki mpaka mpira ubanwe nusu ya urefu wake, na upime tena. Rudia ukiwa umepandisha upande mmoja huku wa pili unaning'inia, kwa sababu ekseli ikiinama shokapu hubanwa kuliko inapopanda sawa. Shokapu unayonunua ifunge kwa urefu mfupi kuliko kipimo kidogo ulichopata, ibaki nafasi ya mm 12 au zaidi. Halafu rudisha koili, ushushe ekseli ining'inie. Kinachokoma kwanza huko chini ndicho kinachoweka mpaka wa shokapu ikivutwa: hosi ya breki isikazike, na koili isitoke kwenye kikombe chake. Shokapu ikiruhusu ekseli kushuka kuliko koili inavyoweza kufuata, gurudumu likirudi koili hukaa upande, na safari inaishia hapo.

Urefu wa kusimama uangukie karibu na katikati ya mwendo. Gari la mzigo liachiwe nafasi zaidi upande wa kupanda.

Sasa shokapu zenyewe.

Kayaba za urefu wa kiwandani ni nzuri kwa gari lisiloguswa. Ukizifunga kwenye gari lililonyanyuliwa mm 50, umekwisha kula sehemu kubwa ya mwendo wa kushuka. Kila gurudumu linapoanguka shimoni shafti inavutwa hadi mwisho, unasikia "tak" kutoka mbele, na sili inaanza kuvuja kabla ya muda wake. Ukitaka kubaki na Kayaba, basi acha gari lilivyo.

Old Man Emu Nitrocharger Sport, ya ARB ya Australia, ndiyo tunayoipa nafasi ya kwanza kwa gari la safari lenye paa la kufunguka, viti vya ziada na bampa ya chuma. Ni ya mirija miwili, ina naitrojeni ya shinikizo dogo na shafti ya mm 18. Jiwe likigonga mrija wa nje na kuubonyeza, pistoni iliyo ndani ya mrija wa pili inaendelea na kazi kama kawaida. Faida kubwa zaidi ni kwamba imepangwa pamoja na koili na springi za kampuni ileile, ambazo orodha yake huzigawa kwa uzito wa kudumu ulioongeza kwenye gari. Hapo useme kweli. Wapo wanaoagiza springi ya mzigo mkubwa kwa sababu inanyanyua zaidi, kisha gari linatembea tupu na kuruka kama mbuzi. Hakuna shokapu itakayorekebisha hilo. Udhaifu wake ni joto. Oili ipo nyuma ya ukuta wa pili, haipoi haraka, na kwenye rasta ndefu (mawimbi ya barabara ya vumbi) kama njia ya Ngorongoro kwenda Naabi, dereva asiyepunguza mwendo ataanza kuhisi gari linaelea. Ikichoka unatupa, haifunguliwi.

Bilstein B6 ya Ujerumani ni ya mrija mmoja, pistoni yake mm 46, na gesi yake ya shinikizo kubwa imetengwa na oili kwa pistoni inayoelea. Oili haichanganyiki na gesi, hivyo haitoki povu, na joto linapita moja kwa moja kwenye hewa. Kwenye rasta za mwendo mrefu inaishinda Nitrocharger, hilo halina mjadala. Lakini mrija unaouona kwa nje ndio huohuo pistoni inamotembea. Jiwe moja likiubonyeza, shafti inakwama au inajikwaruza. Njia zako zikiwa za mawe ya kurushwa, weka kinga ya chuma mbele ya shokapu au chagua nyingine. Na usiinunue kwa rangi ya njano: angalia namba ya spea na ulinganishe na vipimo vyako, kwani za urefu wa kiwandani na ndefu zinafanana kwa macho.

Tough Dog Foam Cell, nayo ya Australia, badala ya gesi ina sponji ya vijumba vilivyozibwa, na oili nyingi. Ni shokapu ya gari zito linalokwenda taratibu. Gari likiwa tupu, vishimo vidogo vinafika kwenye kiti. Mwili wake ni mnene. Kabla ya kulipa hakikisha haitagusa koili wala bomba la breki.

Rancho RS9000XL ina kitasa cha hatua 9. Inafaa pikapu inayokwenda tupu na kurudi na mzigo wa saruji, mradi dereva anakubali kuinama kukizungusha. Tope likikaukia humo kitasa kinaganda, kwa hiyo kizungushe mara kwa mara hata kama huna haja.

BP-51 ya ARB ni kazi safi: mrija wa mm 51, marekebisho ya kubana na ya kurudi kila moja na yake, na inafunguliwa ikarekebishwa. Lakini kuifungua kunataka karakana yenye vifaa vya kujaza naitrojeni. Bila karakana hiyo karibu, unalipia kitu ambacho hutakitumia.

Wenye Hilux na Prado 120, zenye shokapu ndani ya koili mbele, hesabu yenu ni tofauti. Spesa inayowekwa juu ya shokapu inaisukuma yote chini, hivyo inagota mapema kuliko mpira. Na mm 25 za spesa huweza kunyanyua gari karibu mara mbili ya hizo. Afadhali koili na shokapu zilizotengenezwa pamoja, na msipite inchi 2, la sivyo shafti za magurudumu zitapinda kupita kiasi na buti zake zitapasuka.

Dukani, iwe Kariakoo au Kirinyaga Road, kata mkanda uliofunga shokapu. Ya gesi itatoka yenyewe polepole. Ukiisukuma ndani ikabaki humo, gesi imekwisha, irudishe. Foam Cell haitoki yenyewe, na huo si ubovu. Namba iliyo kwenye mwili wa shokapu ifanane na ya kwenye boksi.

Kwenye kufunga, fundi wengi huruka jambo moja. Shokapu ya mirija miwili iliyolala ghalani ina hewa ndani ya mrija wa kazi. Isimamishe kama itakavyokaa, ivute na kuibana mwendo mzima mara 4 au 5 mpaka isiwe na pengo la ulegevu. Bila hivyo itagonga siku ya kwanza. Shafti isishikwe kwa koleo hata kidogo. Mkwaruzo mmoja kwenye kromu unakula sili. Kwenye upande wa pini (ncha ya nati badala ya sikio), kaza nati mpaka bushi itanuke ilingane na washa, basi. Ukizidisha, mpira unapasuka na pini inanyimwa nafasi ya kuinama, mwisho inakatika. Bolti za masikio zenye bushi ya mpira zikazwe gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Ukikaza likining'inia kwenye stendi, bushi inajisokota tangu mwanzo.

Usukani ukitangatanga kwenye lami baada ya kunyanyua, usizirudishe shokapu. Ekseli ya mbele imezunguka kidogo na pembe ya kuurudisha usukani imepungua. Hilo hurekebishwa kwa bushi maalumu za mikono ya ekseli, kisha alaimenti. Pia fimbo ya pembeni huivuta ekseli upande mmoja kwa milimita chache, na macho ya fundi huiona kabla ya dereva kuihisi.

Baada ya kilomita 500 kaza tena kila bolti. Utando mwembamba wa oili wenye vumbi kwenye shafti ni wa kawaida. Tone linaloteremka mpaka chini ya mrija ni sili iliyokwisha. Na ukikuta sikio limekatika, kabla ya kuagiza jingine, angalia mpira wa kugotea wa upande huo: ukiwa safi, bila alama yoyote ya kubanwa, shokapu ndiyo iliyokuwa ikigota badala yake.