Browning SA-22 ya zamani: uzoefu wangu wa miaka mitatu ya kulenga shabaha

Natumia mkono wa kushoto, na hilo ndilo lililonifikisha kwenye bunduki hii. Bunduki nyingi za nusu-otomatiki (zinazojijaza zenyewe kila unapofyatua) za kaliba .22 hurusha maganda upande wa kulia. Ukiishikia bega la kushoto, kila ganda linapita mbele ya uso wako, na baada ya risasi chache unajikuta unakunja jicho hata kabla hujafyatua. SA-22 hutema maganda chini. Siku ya kwanza nilipoijaribu, bunduki ya mtu mwingine, nilifyatua risasi kumi bila kupepesa, na nikajua nitaitafuta ya kwangu.

Niliyonayo ilitengenezwa na FN, kiwanda cha silaha nchini Ubelgiji, kabla ya kazi hiyo kuhamia Japani katika miaka ya 1970. Aliyeibuni ni John Browning, na FN walianza kuitoa mwaka 1914. Ukikutana na Remington Model 24 au Model 241, hao ni ndugu zake wa Marekani. Ina uzito wa kilo mbili na ushei, mtutu mwembamba, mbao ya mjozi iliyopakwa vanishi, na hakuna skrubu inayokukwaza popote unapopitisha mkono.

Inavyofanya kazi ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Chuma kinachoziba chemba, yaani tundu la mtutu risasi inamokaa ikisubiri kufyatuliwa, hakifungwi na chochote. Uzito wake pamoja na springi ndivyo vinavyokichelewesha kidogo, kisha nguvu ya gesi inakisukuma nyuma, ganda linatoka, na springi inakirudisha mbele kikiwa na risasi mpya. Risasi ya .22 Long Rifle, ambayo imekuwapo tangu 1887, ndiyo inayowezesha urahisi huo: kichwa chake cha kawaida ni gramu 2.6 tu. Begani husikii teke, unasikia kama mtu amekugusa.

Risasi hukaa kwenye bomba ndani ya kitako. Unalivuta bomba kwa nyuma, unainamisha mtutu, unatumbukiza risasi moja moja kupitia tundu lililo ubavuni mwa kitako. Kuna wanaolalamika kwamba ni polepole, na kweli magazini (kasha la risasi) ya Ruger 10/22, bunduki nyingine ya .22, inabadilishwa kwa sekunde chache. Lakini mimi siendi uwanjani kumaliza maboksi. Zile dakika za kujaza ndizo ninazopumzisha macho na kutazama karatasi yangu. Zaidi ya hayo, mikono yangu iko nyuma, mbali na mdomo wa mtutu, tofauti na bunduki ambazo bomba lao liko chini ya mtutu. Tahadhari moja: kumwaga bomba si kuondoa risasi zote. Moja yaweza kuwa ndani ya chemba na nyingine njiani. Mimi huvuta kishikio mara tatu, natazama, halafu naingiza kidole kuhakikisha.

Kinachonifurahisha kuliko vyote ni jinsi inavyogawanyika vipande viwili. Unarudisha chuma cha chemba nyuma, unasukuma kikwamizi kidogo kilicho chini ya mbao ya mbele, unazungusha mtutu, unachomoka. Hakuna kifaa kinachohitajika. Nilihofia kwamba nikiiunga tena risasi zitaenda kwingine, lakini vilengeo vyote viwili vimefungwa kwenye mtutu wenyewe, kwa hiyo havitengani. Maungio yakilegea kwa uzee, ipo pete ya kuyakaza. Mtu aliyewaza hilo zaidi ya miaka mia iliyopita alijua bunduki hii itazeeka mikononi mwa watu.

Sasa matatizo. Aliyeniuzia alisema "haijawahi kusumbua", nami nikaamini. Mchana wa kwanza maganda yalikwama karibu kila risasi ya tatu. Nilipoifungua nyumbani nilikuta mafuta ya miaka mingi yamekauka, yamegeuka kama gundi. Nilisafisha kwa mafuta ya taa na mswaki, nikapaka mafuta mepesi kidogo sana, na sehemu kubwa ya usumbufu ikaisha. Iliyobaki ilikuwa alama ya pini inayopiga risasi, kwenye ukingo wa chemba. Katika risasi za aina hii kiwashio kiko ndani ya ukingo wa ganda, si katikati, kwa hiyo pini hupiga ukingoni. Mtu akifyatua chemba ikiwa tupu, chuma kinaweza kupiga chuma. Kuna mmiliki wake wa zamani aliyefanya hivyo mara nyingi. Fundi aliisawazisha ile alama kwa kifaa maalumu, na tangu hapo ganda linatoka bila kushikwa.

Kwa hiyo ukienda kununua, omba kumulika chemba kwa tochi kabla ya kusifia mbao. Kisha soma maandishi ya mtutu. SA-22 nyingine ni za .22 Short tu, risasi fupi zaidi, na hazitumii Long Rifle. Uangalifu uongezeke kwa Winchester Model 1903, bunduki nzuri sana, lakini ilitengenezewa risasi yake ya pekee isiyolingana na .22 Long Rifle. Anayetaka Winchester ya kulenga na risasi za kawaida atafute Model 63, iliyotoka 1933.

Nimewahi pia kuazima Remington Nylon 66, ile yenye kitako cha nailoni. Aina hiyo ndiyo aliyotumia mlenga shabaha Tom Frye mwaka 1959 kulenga vibao 100,010 vilivyorushwa hewani, akakosa sita tu. Haichoki na haidai mafuta. Ila sikuipenda ilivyo mkononi.

Kwa mita 25, nikiegemea meza, risasi zangu tano hukaa ndani ya duara la sarafu kubwa. Kwa mita 50 duara linapanuka, na kosa ni la macho yangu zaidi ya mtutu. Natumia risasi za mwendo wa kawaida kuliko zile za kasi, kwa kuwa chuma kile ni kizee na sioni sababu ya kukipiga. Jumamosi hii naipeleka tena, na binti yangu ameomba awe yeye wa kuiunga.