Picha ya debtree ilinifikisha Mahenge, kazi ikanishinda

Nimekaa na hasira hii wiki kadhaa nikidhani itapoa. Haijapoa, kwa hiyo naandika.

Debtree ni programu ndogo ya Debian, mfumo endeshi wa jamii ya Linux. Unaiita kwenye terminali, unaitajia jina la kifurushi (programu iliyofungashwa tayari kusakinishwa), nayo inakuandikia vyote ambavyo kifurushi hicho kinavitegemea, kwa lugha ya Graphviz, mkusanyiko wa programu za kuchora michoro. Halafu dot, mojawapo ya programu hizo, inachora. Unapata visanduku na mishale: ya buluu kwa kile ambacho lazima kiwepo, myekundu kwa kile kisichopatana nacho. Kama umezoea kufukuzana na mistari ya apt, kisakinishi cha Debian, inayopita mbio, picha ile ni raha tupu. Nimeipenda miaka, nimewafundisha vijana kazini kuitumia. Ndiyo maana imeniuma hivi.

Kuna zahanati huko Mahenge yenye kompyuta inayotunza rejista ya wagonjwa. Mtandao wao ni wa kubahatisha. Waliniomba niwapandishie PostgreSQL, programu ya hifadhidata, kutoka toleo la 13 hadi 15, na ukishaupanda mlima ule kutoka Ifakara usitegemee kupakua kitu. Basi nikiwa nyumbani Morogoro nikachora picha ya postgresql-15, nikaichapa kwenye karatasi ya A3, nikawa napakua kifurushi kimoja kimoja na kukitia tiki kwa kalamu. libssl3, tiki. libicu72, tiki. libllvm14, iliyonilia bando kweli kweli, tiki. Hakuna kisanduku kilichobaki bila tiki. Flashi mfukoni, basi la alfajiri.

Kufika kule, dpkg, programu inayosakinisha vifurushi, ikagoma. Inataka libc6 mpya zaidi, iliyopo ni 2.31. Kompyuta yao ni ya Debian 11. Yangu ni Debian 12, ambako libc6 ni 2.36. Nikaikunjua karatasi yangu juu ya meza ya chanjo, nikafuata mshale mmoja mmoja kwa kidole nikiitafuta libc6. Haimo. Maktaba ambayo karibu kila programu ya C imesimama juu yake, haimo kwenye picha!

Mganga mfawidhi, mama wa makamo, alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Mwanangu, si ulisema kwenye simu kila kitu umebeba?"

"Nimebeba, mama. Kila kilichochorwa hapa ninacho."

Akaitazama karatasi, akanitazama mimi, akarudi kwa wajawazito waliokuwa kwenye foleni. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Usiku ule gesti nikalifungua faili la dot lenyewe, si picha, nikashuka hadi chini kabisa. Baada ya mabano ya kufungia kuna mistari inayoanza na mikwaju miwili, inayotaja vifurushi vilivyoachwa nje. libc6 imo. Kumbe debtree ina orodha ya vifurushi inavyoviruka kwa kawaida, vile vinavyotumiwa na karibu kila kitu, ili picha isigeuke msitu wa mishale. Hilo naliona lina maana. Nikaanza hata kuitetea: ilisema, mimi sikusoma. Tena debtree inasoma apt ya mashine uliyokalia, yaani picha ilikuwa ya mashine yangu na si ya zahanati. Kuuliza wana Debian ya ngapi ilikuwa kazi yangu, na sikuuliza. Hapo sina cha kujitetea.

Lakini kila nikilifikiria, hasira inarudi. Mikwaju miwili kwenye faili la dot ni maoni tu. Dot ikichora inayaruka. Onyo limewekwa mahali pale pale ambapo mchoraji halipitishi! Mwenye picha mkononi hana njia ya kujua kuna kilichotolewa. Ningeiona libc6 kwenye ile karatasi, hata bila kujua toleo la kule, ningejiuliza yao ni ipi, ningepiga simu kabla ya kukata tiketi. Nilitaka kuandika hapa kwamba ni uongo. Neno hilo ni zito mno, nalifuta. Ila ni ukimya ulionigharimu nauli ya kwenda na kurudi, na ukaifanya zahanati isubiri.

Ukiongeza --no-skip vyote vinatoka. Nilijaribu palepale gesti: mishale ikasongamana, ikabidi niipunguze kwa --max-depth ndipo nisome kitu. Kwa kazi ya kubeba vifurushi sasa natumia apt-rdepends. Ni orodha ndefu ya maandishi, haina mvuto wowote, lakini libc6 imo pamoja na toleo linalotakiwa.

Juzi nilikuwa nimeiondoa debtree kabisa. Leo nimeirudisha, kwa sababu kijana mmoja ofisini alikuwa hajui ni kifurushi kipi kinachomvutia kingine asichokitaka, na picha ikamjibu kwa mtazamo mmoja; kwa kazi ya namna hiyo sijaona ya kuishinda. Nyota tatu, basi. Wachore kisanduku kimoja cha kijivu pembeni chenye majina ya walivyoviacha, nami nitatoa tano siku hiyo hiyo.

Mama mfawidhi nimeshampigia. Napanda tena Mahenge wiki ijayo, safari hii na Debian 12 nzima kwenye flashi.