Nimejaribu kurusha ndege Mwanjelwa kwa shilingi 5,000

Mimi ni dereva wa semi, Dar–Tunduma, mwaka wa 22 huu. Nasema mapema ili mtu asije akadhani najua ndege. Nimepanda mara moja tu, Songwe kwenda Dar kuwahi msiba, na nilishikilia kiti cha mbele njia nzima. Haya ni maoni ya mtu wa lami.

Huduma yenyewe iko ghorofani, juu ya maduka ya vipuri pale Mwanjelwa, Mbeya. Kijana mmoja amefunga simuleta ya ndege, yaani mashine ya kuigiza kurusha ndege: skrini tatu, usukani wa rubani, pedali mbili, na kiti nilichokitambua kabla sijakaa. Ni cha gari, Toyota Noah. Hata ule mkono wa kukilaza bado upo, na ukiugusa kwa bahati mbaya unalala chali ndege ikiwa hewani. Yamenikuta. Nusu saa ni 5,000, saa nzima 8,000. Chumba kina baridi kama friji, Julai hii nenda na koti.

Mwanzo anakupa uwanja wa Songwe na ndege ndogo ya injini moja. Unaondoka, unazunguka, unarudi. Milima imekaa mahali pake, ila nyumba zimebuniwa: nilipita juu ya kwangu Uyole nikakuta ghorofa. Laiti. Usukani ni mwepesi mno, unaushika kwa vidole viwili, na mtu aliyezoea kupigana na semi atauvuta kupita kiasi mpaka pua ya ndege iangalie mbinguni. Dakika kumi za kwanza hesabu ni za kuharibu.

Nilipozoea kidogo kijana akaniambia, "Mzee, wewe ni mtu wa mlima Kitonga, nchi kavu hutajifunza kitu. Ngoja nikupeleke kisiwani."

Akafungua ramani. Akaweka kidole Mbeya, akakiburuta kwenda kushoto: Zambia, Kongo, Angola, akatokea Luanda, ambayo iko karibu kabisa kwenye mstari wetu wa latitudo. Akaendelea. Maji. Maji. Kama kilomita 3,000 za bahari kutoka Luanda, ndipo kidole kikasimama kwenye kidoti kilichopanda kaskazini kidogo tu ya mstari wetu. Kinaitwa Ascension, kisiwa cha Waingereza, kilomita za mraba 88. Nimeishi miaka yote hii nikitazama jua linazama upande ule na sikujua kwamba kule liendako kuna uwanja wa ndege.

Hakuanzishi mbali, maana safari nzima ingekula siku. Anakuweka kilomita 100 hivi kabla ya kisiwa, ndege ya injini mbili, na mafuta ya kufika na kuzunguka mara moja. Makusudi. Nikamuuliza, na nikikosea mara ya pili? Akacheka. Wandugu, barabarani mshale wa mafuta ukilala kuna Makambako, kuna Igawa, kuna Chimala. Ukikwama kabisa, tandiboi anashika dumu anadandia bodaboda. Sijawahi kuendesha kitu ambacho mbele hakina sheli na nyuma hakirudi. Mikono ilianza kutoka jasho kwa mchezo wa kompyuta, mtu mzima mimi.

Kisiwa chenyewe hukioni. Unaona wingu. Kijana akasema, wingu likijikalia peke yake juu ya bahari ujue chini pana mlima: Green Mountain, mita 859. Kweli, wingu likafunuka chini, kikatokea kitu chekundu na cheusi. Ni volkano. Mtu wa Tukuyu volkano haimshangazi, lakini ya kwetu imejaa migomba na chai, hii ni kipara, kijani kiko kileleni tu. Njia ya kurukia imepenya kati ya vilima vya majivu.

Nikashusha matairi, nikapunguza moto, nikawa juu kama mita 60. Umeme ukakatika.

Skrini zote tatu, giza. Jenereta hana. Akawasha tochi ya simu, akaisimamisha mezani, tukangoja. Na hapa niseme ukweli, zile dakika za giza ndizo zilizonifanya niandike haya, kwa sababu kijana akaanza kusimulia. Baadaye nilikaa foleni ya Tunduma siku mbili nikasoma mwenyewe kwenye simu, nikakuta hakunidanganya.

Uwanja ule ulijengwa na wanajeshi wahandisi wa Marekani wakati wa Vita Kuu ya Pili. Walifika Machi 1942, kisiwa hakina bandari, mitambo yote ikashushwa kwa matishari, na kufikia Julai njia ikawa tayari. Ndege ya kwanza kutua ilikuwa Swordfish ya Waingereza, Juni, kazi haijaisha, na Wamarekani waliokuwa chini wakaimiminia risasi wakidhani ni adui. Kazi ya uwanja ilikuwa moja: ndege zinazotoka Marekani zipitie Natal huko Brazil, zitue Ascension zijaze, ndipo ziingie Afrika kupitia Accra na kuendelea kwenye vita kaskazini na mashariki. Kutoka Brazil ni zaidi ya kilomita 2,000, kutoka pale mpaka pwani ya Afrika nyingine kama 1,600. Vita inakwisha, ndege zaidi ya 20,000 zilikuwa zimepita hapo. Marubani walikuwa na wimbo wao: ukiikosa Ascension, mkeo atalipwa pensheni. Kwa Kiswahili nao una vina.

Wanauita Wideawake, jina la ndege wa baharini wenye kelele ambao hawamwachi mtu alale. Walikuwa wanazalia mwisho wa njia, maelfu kwa maelfu, na injini ikimeza ndege kumi umekwisha. Akaletwa mtaalamu wa ndege hai, si eropleni, kutoka Marekani, James Chapin, aliyewahi kufanya kazi miaka mingi Kongo. Akashauri mayai yavunjwe. Ndege wakahama.

Halafu akanipa ile ya 1982. Argentina ilivichukua visiwa vya Falkland, Waingereza wakataka kuharibu uwanja wa Port Stanley, na uwanja wa karibu waliokuwa nao ni huo huo Ascension, zaidi ya kilomita 6,000 kwenda tu. Kwa hiyo usiku wa kuamkia Mei 1 wakapanga hivi: ndege moja ya mabomu, Vulcan, isindikizwe na ndege 11 za mafuta aina ya Victor. Kumi na moja! Tanka linajaza tanka mwenzake angani, mwenzake anamjaza mwenye mzigo, aliyebaki mtupu anageuza. Mimi nimebeba mafuta miaka sita, na hesabu ile ilinisisimua kuliko mabomu.

Na sikilizeni dereva mwenzenu: Vulcan iliyopangwa kwenda ilipaa, ikarudi kwa sababu dirisha la ubavuni lilikataa kuziba. Dirisha! Serikali nzima imekesha, dirisha linagoma. Ikachukua zamu ile ya akiba, rubani Martin Withers. Huko mbele Victor ya mwisho ikampa mafuta mpaka ikala ya kwake ya kurudia, ikabidi iitiwe tanka lingine njiani. Mabomu 21 yakaangushwa, moja likachimba katikati ya njia ya Stanley. Kwenda na kurudi, karibu saa 16.

Jeshi halijaondoka mpaka leo, Waingereza na Wamarekani wapo wote. Lakini mwaka 2017 ndege kubwa za abiria zilizuiwa kutua, na unajua kisa? Lami. Lami ilikuwa imechakaa, mashimo, matengenezo yakachukua miaka. Niliposoma hilo nikiwa Tunduma nilicheka peke yangu ndani ya kebini, tandiboi akaniuliza mzee vipi.

Umeme ukarudi. Nikaanza upya, wingu, mlima, matairi. Upepo wa kusini-mashariki unavuma pale karibu mwaka mzima, unakuja nao uso kwa uso, na kijana ameuweka hivyo hivyo. Nikagusa chini. Sasa njia ile ina kigongo katikati: unaona lami inapanda mbele yako na mwisho wake huuoni, kama kufika juu Mlima Nyoka usiku hujui nani kasimama upande wa pili. Miaka 22 ya barabara ikaniambia kanyaga. Nikakanyaga. Kumbe breki za ndege ziko juu ya pedali, kila mguu na tairi lake, nami nimebonyeza wa kulia peke yake. Ndege ikageuka ikaenda kulamba majivu.

"Mzee, umefika lakini," kijana akanifariji.

Mara ya tatu nilisimama salama baada ya kigongo, nimebakiza mafuta ya kuwashia jiko. Nikapiga picha ya skrini nikamtumia mke wangu. Akajibu, "Umelewa?"

Kasoro zake: pedali ya kushoto inalia na inachelewa, spika moja imekufa kwa hiyo injini ya kushoto unaisikia na ya kulia huisikii, na kile kiti kifungwe nati kabla mtu hajavunjika shingo. Watoto chini ya miaka kumi miguu haifiki. Nguvu yake ni kijana mwenyewe. Anajua anachokisema, na hakuachi uchezee ovyo: ukitaka kuangusha ndege makusudi upate kucheka, anakuzimia. Mnyakyusa mwenzangu, ndaga fijo, asante sana.

Ila ugomvi wetu haujaisha. Zile dakika saba za giza alizihesabu ndani ya muda wangu. Nikamwambia, mwanangu, hata tanka la mafuta lililozimika halilipishwi mzani. Akasema, "Mzee, hizo ulikuwa unasimuliwa." Jumamosi nikitoka Dar nazifuata.