Nyuzi za gitaa la umeme zinazovutika kwa urahisi na zenye sauti nene: ipi kwanza, ipi mwisho

Mpigaji anayeingia dukani kutafuta nyuzi nyepesi kuvuta (yaani kusukuma kando kwa kidole ili noti ipande) na zenye sauti nene iliyotulia hudhani anatafuta kitu kimoja, kumbe anatafuta vitu viwili vinavyokaa katika pakiti moja. Uzi wa kwanza, wa pili na wa tatu ni waya mtupu wa chuma, uliopakwa madini mengine kwa juu ili usishike kutu upesi. Uzi wa nne, wa tano na wa sita una kiini cha chuma kilichozungushiwa waya mwingine, na maneno yote makubwa yanayoandikwa kwenye pakiti kuhusu nikeli yanahusu waya huo wa kuzungushia peke yake. Kwa kuwa nyuzi tunazozivuta zaidi ni zile tatu nyembamba, urahisi wa kuvuta unaamuliwa na unene wake, ilhali metali ya pakiti inaamua tabia ya besi. Nimeona vijana wengi wakilipa zaidi kwa nikeli safi kisha wakalalamika kwamba vidole bado vinauma, na walalamikaji hao walikuwa wamechukua unene uleule waliouzoea.

Tuanze basi na unene, maana ndipo penye tofauti kubwa kuliko zote. Nyuzi hupimwa kwa sehemu elfu za inchi, na seti hutajwa kwa uzi wake wa kwanza: namba 9 kwa kawaida huenda 9 hadi 42, na namba 10 huenda 10 hadi 46. Kwenye gitaa lenye urefu wa uzi wa milimita 648, kama Stratocaster na Telecaster za Fender, uzi wa kwanza namba 10 uliotuniwa kwenye mi unavutwa kwa mkazo wa karibu kilo 7.3, namba 11 unafikia karibu kilo 8.9, na namba 9 unashuka hadi karibu kilo 5.9. Kuhama kutoka 10 kwenda 9 kunapunguza karibu moja ya tano ya kazi ya kidole. Jambo ambalo wengi hawalitambui ni kwamba kidole kinasafiri umbali uleule ili kuipandisha noti kwa toni nzima, uzi uwe mnene au mwembamba. Kinachopungua ni nguvu tu. Ndiyo maana mtu aliyehamia namba 9 hupitiliza noti kwa wiki ya kwanza, kwani mkono wake bado unasukuma kwa nguvu za zamani.

Urefu wa uzi nao una sauti yake katika hesabu hii. Les Paul na magitaa mengine ya Gibson yana urefu wa uzi wa takriban milimita 628, na tofauti hiyo inayoonekana ndogo inapunguza mkazo kwa karibu asilimia 6. Njia nyingine ni kushusha gitaa zima kwa nusu toni, ambayo inapunguza mkazo kwa karibu asilimia 11. Jimi Hendrix alipiga hivyo, na seti yake inajulikana kuwa ilianzia 10 na kuishia 38 tu upande wa besi. Stevie Ray Vaughan naye alishusha nusu toni, lakini akiwa na uzi wa kwanza namba 13, unene ambao sithubutu kumshauri mtu yeyote. Kwa upande wa pili yupo Billy Gibbons wa ZZ Top, anayepiga namba 7 na sauti yake haijawahi kuitwa nyembamba. Hata hivyo kwa mpigaji wa kawaida, mwenye amplifaya ndogo isiyosaidia sana, nyuzi zinazoanzia 8 kushuka chini hupoteza mwili kwenye uzi wa kwanza na wa pili, na huyumba kila unapobonyeza kwa nguvu kidogo. Namba 9 kwa gitaa refu na namba 10 kwa gitaa fupi ndiyo mizani ninayoipendekeza, na aliye katikati anaweza kutafuta seti za 9.5 hadi 44.

Sasa upangaji wangu, nikizingatia mambo mawili tu, kuvutika na unene wa sauti.

Nafasi ya kwanza naipa nikeli safi iliyozungushwa kwa waya wa duara, kama vile Fender Original 150 au D'Addario za nikeli safi, na kwa hizi za D'Addario namba 9 inaishia 41 na namba 10 inaishia 45. Nikeli huvutwa na sumaku kwa udhaifu kuliko chuma, hivyo pikapu, yaani kile kifaa cha sumaku kinachonasa sauti ya nyuzi, huipokea kwa upole zaidi: makali ya juu yanapungua, na noti ya besi inakuja mviringo, bila ule mkwaruzo wa waya mpya. Hizi ndizo zilizokuwa nyuzi za kawaida za magitaa ya umeme hadi mwishoni mwa miaka ya 1960. Soma pakiti kwa makini sana hapa. Maneno "Nickel Wound" kwenye pakiti nyingi yanamaanisha waya wa chuma uliopakwa nikeli kwa juu, na ni "Pure Nickel" pekee inayomaanisha nikeli tupu. Muuzaji aliyeniuzia seti yangu ya kwanza ya namna hii hakujua tofauti hiyo, nami pia sikuijua. Nilifika nyumbani na nyuzi zilezile nilizokuwa nimezitoa asubuhi.

Ya pili ni nikeli safi juu ya kiini cha duara, ambayo DR Pure Blues ni mfano wake mzuri. Nyuzi nyingi za leo zina kiini chenye pembe sita, kwa sababu pembe zinaung'ang'ania waya wa nje. Kiini cha duara ni kinyumbufu zaidi chini ya kidole, na nyuzi za besi zinavutika kwa ulaini ambao hupati penginepo. Kwa hisia tupu ningeziweka juu kabisa. Zimeshuka kwa sababu zinadai uangalifu. Uzi wa kiini cha duara ukikatwa kabla haujakunjwa na kukazwa kwenye kigingi, waya wa nje unalegea na uzi unakufa papo hapo: unatuni, unaingia sauti, lakini ukiupiga unalia kama umefunikwa na blanketi. Ilinitokea kwa uzi wa tano. Kunja kwanza pembe ya mraba, kaza hadi utuni, ndipo ukate.

Ya tatu ni chuma kilichopakwa nikeli, yaani Ernie Ball Slinky na D'Addario XL, ambazo ndizo rahisi kupatikana katika maduka yetu, tena kwa bei inayobebeka. Slinky zina historia inayogusa moja kwa moja haja yetu. Kabla yake, seti za kawaida zilikuwa nene na uzi wa tatu ulikuwa umezungushiwa waya, na wapigaji wa Marekani kama James Burton walilazimika kufunga nyuzi za banjo upande mwembamba ili waweze kuvuta. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Ernie Ball, aliyekuwa na duka la magitaa Tarzana, California, aliona wanafunzi wakihangaika na uzi wa tatu, akatoa seti nyepesi zilizobadilisha upigaji kabisa. Kwa kuvuta, hizi hazina upungufu wowote zikilinganishwa na nikeli safi ya unene uleule. Kwa sauti zina mwangaza zaidi, lakini punguza kitasa cha toni kutoka 10 hadi 6 au 7 na uzipige siku tatu, utaona jinsi zinavyotulia. Anayepiga sebene au solo za dansi, ambaye anautaka mwangaza huo ili gitaa lipenye katikati ya bendi, augeuze upangaji wangu na aanzie hapa.

Nyuzi zenye utando, kama Elixir, nimeziweka ya nne kwa jumla, lakini kwa anayeishi Dar es Salaam, Tanga, Mombasa au Unguja zingeweza kupanda hadi ya pili. Hewa ya chumvi na jasho la mkono huingia kati ya mizunguko ya waya, na seti isiyo na utando inaweza kuwa imepoteza uhai wake ndani ya wiki mbili tatu. Kati ya aina zake, Polyweb ndiyo yenye utando mzito na sauti laini zaidi. Ila nyuzi tatu nyembamba hazina utando huo. Zina mpako wa kuzuia kutu tu, kwa hiyo kitambaa kikavu baada ya kila kupiga bado ni lazima.

Za tano ni zile zilizozungushiwa waya bapa, kama D'Addario Chromes au Thomastik-Infeld Jazz Swing. Kwa unene wa sauti hakuna kinachozifikia, na nazipenda kwa dhati kwa muziki wa jazi. Lakini seti zake nyingi huanzia namba 10, 11 au zaidi na kuja na uzi wa tatu uliozungushiwa, na uzi wa namna hiyo una kiini chembamba kinachokulazimisha kuusukuma mbali zaidi ili upate toni ileile. Chuma kisichoshika kutu kinabaki mwisho: sauti yake ni kali na ugumu wake hula freti, vile vipande vya chuma vilivyokatiza shingo, mapema.

Ukishachagua, lipime jambo lenyewe badala ya kusikiliza maneno. Bonyeza uzi wa tatu kwenye freti ya 7, ambayo ni re, uvute hadi ufikie mi iliyopo freti ya 9, kisha linganisha. Tumia vidole vitatu, cha pete kikibeba noti na viwili vikisaidia nyuma yake, na mkono uzunguke kwenye kifundo chake. Kama hata namba 9 inakataa, chunguza gitaa: freti zilizochakaa hunasa uzi, na nati, yaani kile kipande kilicho mwisho wa shingo ambacho nyuzi hupita, yenye mikato iliyobana hutoa kile kisauti cha "tik" na kuuacha uzi ukiwa umeshuka. Unga wa risasi ya penseli ukisuguliwa kwenye mikato hiyo hutibu hali hiyo mara nyingi. Ukihamia nyuzi nyepesi pia shingo hunyooka kwa kukosa mkazo, hivyo nyuzi zinaweza kuanza kugonga freti. Chuma cha ndani ya shingo kilegezwe robo mzunguko, usubiri siku moja, kisha uangalie tena. Mwenye trem inayoelea, yaani daraja linaloyumba likishikiliwa na springi, alegeze na springi hizo za nyuma.

Kabla hujalipa, ulizia pia uzi wa kwanza unaouzwa mmoja mmoja, kwa kuwa katika seti nyepesi huo ndio hukatika kabla ya mingine. Mimi hubeba miwili katika begi la gitaa, ndani ya bahasha yake iliyofungwa, pamoja na kipande cha penseli.