Supu ya mifupa nunua, sukuma nenda kibandani: duka ndani ya mgahawa, Ngong Road

Nimepika katika jikoni za hoteli za mji huu kwa miaka 27, na mpaka leo nikiingia mgahawani macho yangu huenda mlango wa jikoni kabla ya kusoma menyu. Mgahawa huu wa Ngong Road ni wa kampuni yenye matawi kadhaa Nairobi. Jina silitaji, kwa sababu ya jambo nitakaloeleza huko mbele. Meza za upande wa dirishani wameziondoa, wakaweka rafu, friji mbili na friza ndefu, na sasa unaweza kunywa chai yako hapo na kuondoka na vitu vya nyumbani. Nimenunua humo Jumamosi tisa.

Wazo lenyewe nalipenda kwa dhati. Mwezi Aprili 2020, korona ilipofunga kumbi za kulia, Panera Bread ya Marekani ilianza kuuza maziwa, mkate na mboga pamoja na chakula chake cha kawaida. Huku kwetu kafyu ilikuwa imeanza tarehe 27 Machi. Nakumbuka magunia ya vitunguu yakichipua stoo kwetu na ukumbi mtupu. Mkubwa wetu akasema tugawane tupeleke nyumbani. Hakuna hata mmoja wetu aliyewaza kwamba yule mteja asiyeweza kuja kukaa angetununulia kitunguu chenyewe.

Sasa bidhaa. Supu ya mifupa ya ng'ombe, nusu lita, shilingi 280, ndiyo iliyonifanya nirudi. Nilipofika nyumbani niliitoa kwenye friji, nikafungua kifuniko, nikapindua kopo juu ya sufuria. Haikumwagika. Ilining'inia, ikatikisika, kisha ikateleza yote kwa pamoja, na juu yake kulikuwa na tabaka la mafuta jembamba, la manjano, safi. Supu ikiganda hivyo ujue mifupa ya viungo imekaa motoni saa nyingi, kwa moto mdogo, na kuna mtu aliyesimama karibu akiengua povu. Supu ya vidonge vya dukani haigandi namna hiyo. Chumvi hawajatia karibu kabisa, na hapo nikajua aliyeipika anaelewa kwamba mimi ndiye nitakayemaliza kazi. Niliitia kwenye maharagwe, na mke wangu akaniuliza kama nimenunua nyama.

Chipsi za friza nazo ni nzuri, kilo moja shilingi 350. Zimekwisha kupitishwa kwenye mafuta ya moto mdogo kabla ya kugandishwa, kwa hiyo wewe unazikaanga mara moja tu, mafuta yakiwa makali. Pakiti inasema viazi ni vya aina ya Shangi, kutoka Nyandarua. Mtakumbuka Januari 2022, KFC walipokosa chipsi hapa Kenya kwa kuwa viazi vyao vilikuwa vikitoka nje na meli zikachelewa, huku wakulima wetu wakiwa na viazi shambani. Wengi tulikasirika. Shangi huiva upesi, lakini huchipua upesi pia, na mkulima hawezi kukaa nayo muda mrefu akisubiri bei. Jikoni inayozimenya, kuzikata na kuzigandisha mapema inamfaa mkulima huyo kuliko hotuba nyingi nilizosikia. Mkate wao wa ngano nzima ni mzuri pia, ila ukishafika siku ya tatu uuchome.

Mboga hapana. Sukuma imefungwa kwenye trei kwa nailoni, shilingi 90, na nilipoifungua majani ya katikati yalikuwa yametoa maji. Dhania imelegea. Nyanya ngumu, za kijani kwenye kikonyo, kana kwamba zimechumwa ili zisafiri. Mboga mbichi haikatwi VAT, tofauti na sahani ya mgahawani yenye asilimia 16, kwa hiyo bei hiyo siwezi kuilaumu serikali. Hapa jikoni haikufanya lolote. Wamepokea mboga kutoka kwenye lori kama mtu mwingine yeyote, wakaifungia pumzi.

Na sasa kuku. Jumamosi ya nne nilichukua kuku aliyerowekwa viungo, vipande vinane, kutoka kwenye friza. Kibandiko cha tarehe kilikuwa kimeinuka pembeni kwa unyevu. Nikakivuta kwa ukucha. Chini yake kulikuwa na kibandiko kingine, na tarehe yake ya mwisho ilikuwa imepita siku tatu.

Nilimwita binti wa kaunta, naye akamwita meneja, kijana mpole. "Mzee wangu," akaniambia, "huyu kuku alikuwa kwenye friji, tukamhamishia kwenye friza kabla siku yake haijaisha, ndiyo tukampa tarehe mpya." Inawezekana alisema kweli. Alinirudishia pesa kwa M-Pesa papo hapo, bila kubishana, na hilo namshukuru. Lakini nilimweleza ninachokiamini, na hapa nakirudia. Kuku akipikwa mgahawani, kuna mpishi anayemfungua, anamgusa, anamnusa, na akimtilia shaka anamtupa. Mimi nimetupa wengi. Kuku akiuzwa mbichi kwenye pakiti, mpishi huyo hayupo tena kati yake na mtoto wa mtu. Kibandiko ndicho pua ya mpishi. Ukikifunika, umeniziba pua yangu. Andikeni siku aliyorowekwa, siku aliyogandishwa na siku ya mwisho, zote tatu zionekane, nami nitanunua.

Jumamosi zilizofuata nimekagua kila pakiti. Vibandiko sasa ni kimoja kimoja. Siku ya kugandishwa bado haiandikwi, na kuku wao bado sijamnunua, ingawa harufu ya tangawizi na ndimu niliyoipata siku ile kwenye pakiti ilikuwa ya mpishi mwenzangu hasa.

Jumamosi iliyopita nililipia makopo mawili ya supu, kilo ya chipsi na mkate mmoja, nikavuka barabara hadi kwa mama mboga wangu. Sukuma yake ilikuwa bado na umande, fungu shilingi 20. Alikwisha kushika kisu.

"Nikukatie, baba?"

"Nikatie, nyembamba."