Tathmini ya mbegu za Chinese Spring zilizoondolewa kromosomu

Seti ninayoitathmini ni ya mbegu za ngano aina ya Chinese Spring ambazo mtaalamu wa jenetiki Ernest Sears alizitengeneza huko Missouri, Marekani, na kuzieleza kwa kina mwaka 1954. Ngano ya mkate ina jozi 21 za kromosomu zilizorithiwa kutoka kwa mababu watatu, yaani makundi ya A, B na D, na kwa kuwa makundi hayo hufanya kazi zinazokaribiana, mmea unaweza kukosa jozi nzima ukaendelea kuishi. Katika kila ukoo wa nulisomiki-tetrasomiki jozi moja imeondolewa, na jozi ya kundi jingine imezidishwa ili kuziba pengo.

Uzuri wake huonekana kwa macho. Ukoo usio na 5A (kromosomu namba tano ya kundi A) hutoa masuke marefu yaliyoachana, na punje zake hung'ang'ania makapi wakati wa kupura, kwa sababu jeni ya Q, inayotawala umbo la suke na urahisi wa kupura, imeondoka pamoja na kromosomu hiyo. Ni kwa mimea iliyokosa 5B ndipo watafiti walipobaini, mwaka 1958, kwamba kromosomu hiyo huzizuia kromosomu za makundi tofauti zisifanye jozi wakati seli za uzazi zinapogawanyika.

Mfuatano wa vinasaba vya Chinese Spring uliochapishwa mwaka 2018 haukuifanya seti hii kuwa ya zamani, kwani mfuatano hukuonyesha jeni ilipo, ilhali mmea uliopungukiwa hukuonyesha kinachoharibika jeni hiyo isipokuwepo. Tahadhari ni kwamba dosari unayoiona huenda imesababishwa na jozi iliyozidishwa, si ile iliyoondolewa. Kwa hiyo linganisha koo mbili zilizokosa jozi ileile lakini zenye fidia tofauti.

Koo za monosomiki, yaani zilizobaki na kromosomu moja tu ya jozi fulani, ndizo zenye usumbufu. Zikijichavusha, takriban asilimia 3 tu ya watoto hukosa jozi nzima, 73 hubaki na kromosomu moja, na 24 hurudia hali ya kawaida, hivyo ni lazima kuhesabu kromosomu katika ncha za mizizi kila kizazi. Msimu mmoja niliipuuza kazi hiyo (inachosha, nakiri) na nikavuna mbegu nisizoweza kuziamini hata kidogo.

Anayetafuta eneo dogo ndani ya kromosomu achukue badala yake koo 436 zenye kromosomu zilizokatwa, ambazo watafiti Endo na Gill walizitangaza mwaka 1996.