Anki kwa mwanafunzi anayewaza kuacha Kijerumani

Lugha ngumu sekondari mara nyingi huachwa kwa sababu ya alama za mtihani mmoja, na alama hizo hazisemi ulikwama wapi. Anki, programu ya kadi za kukariri iliyoanzishwa na Damien Elmes mwaka 2006, haifundishi lugha. Inachoweza ni kuutenga msamiati na mambo mengine yote, kisha kukuwekea hesabu yake wazi. Ipe wiki sita kabla ya kujaza fomu ya kubadilisha somo.

Kwenye kompyuta na Android ni ya bure. Kwenye iPhone hulipiwa mara moja tu, kwa jina la AnkiMobile. Kuna nyingine zenye majina yanayofanana nayo lakini hazihusiani.

Wengi huharibikiwa na mipangilio inayokuja nayo: kadi mpya 20 kwa siku. Zinaonekana chache, lakini kila kadi hurudi, na baada ya wiki kadhaa marudio ya siku hufika kama mara saba hadi kumi ya kadi mpya, yaani 140 hadi 200. Kwa sekunde nane kila moja, karibu nusu saa imekwisha na hisabati hujaigusa. Ruka siku tatu uone viporo vitakavyokungoja! Weka kadi 8. Wiki sita zitakupa maneno 336, kwa dakika kumi na kitu kwa siku. Washa FSRS, njia mpya ya kupanga marudio iliyoingia mwaka 2023, na uache lengo la kukumbuka kwenye asilimia 90. Wanaolipandisha hadi 97 hujitwisha marudio maradufu na zaidi kwa faida ndogo.

Kadi zenyewe zitoke kwenye kitabu cha darasani. Marundo ya maneno elfu kadhaa yaliyotengenezwa na wengine yanavutia, ila hayafuati mtihani wako. Na hapa ndipo penye kazi. Kadi yenye "meza" mbele na "Tisch" nyuma ni mbovu. Nyuma paandikwe "der Tisch, die Tische". Anayejua kwamba ukuta huzaa kuta na kiti huzaa viti hana cha kushangaa: nomino hubebwa pamoja na ngeli yake. Ukiikariri bila der, die au das, utakwama siku utakapotakiwa kuandika "auf dem Tisch". Kitenzi nacho kiingie na maumbo yake matatu: "gehen, ging, ist gegangen". Kwa sarufi tumia kadi ya kujaza pengo, "Ich helfe ___ Mann", jibu "dem", kwa kuwa helfen hudai dativi, yaani umbo la nomino ya anayetendewa. Pengo moja kwa kadi moja. Anayesoma Kichina aweke sauti kila kadi, maana mā ni mama na mǎ ni farasi, na jicho peke yake halitamsaidia.

Vitufe ni vinne: Again, Hard, Good, Easy. Hard ni ya aliyekumbuka kwa taabu. Ukiibonyeza kwa neno ulilosahau, programu inahesabu umepatia na kulisogeza neno mbele, kisha takwimu zote zinakudanganya. Again na Good zinatosha. Kadi ukiisahau mara nane hupachikwa jina leech, yaani ruba, na huweza kusimamishwa kulingana na mipangilio yako. Jina limeikaa, maana inanyonya muda. Usiirudishe ilivyo. Ipe sentensi, au igawe mara mbili.

Jambo dogo kwa wanaokesha: siku mpya ya Anki huanza saa kumi alfajiri, kwa hiyo marudio ya saa saba usiku bado ni ya jana. Kubwa zaidi ni kusawazisha simu na kompyuta kwa mara ya kwanza. Ikikuuliza upakie au upakue, fikiri upande upi una kadi, kwani upande mwingine utafutwa.

Wiki ya sita fungua ukurasa wa takwimu, kwenye Answer Buttons. Kadi zilizofikia pengo la siku 21 au zaidi kati ya rudio moja na jingine huitwa Mature. Hizo ndizo za kutazama. Ukipatia asilimia 85 kwenda juu na bado unaanguka darasani, msamiati hauna kosa: kagua sarufi, usikilizaji au insha, na usiache somo kwa sasa. Ukiwa chini ya 70 ilhali umerudia kila siku, kadi zako ni mbovu au nyingi mno. Rekebisha, ongeza wiki tatu. Kalenda ikiwa na siku nne au tano bila marudio kila wiki, huna muda wa somo hili, na kuliacha ni uamuzi halali kabisa. Kuzungumza Anki haikupimii, hata kidogo.

Ukiacha, usifute rundo. Weka kadi mpya 0 na uendelee kujibu zinazokuja. Mapengo yatarefuka hadi miezi, na baada ya muda maneno yale 336 yatakudai dakika moja au mbili kwa siku.